Mstari Uliokunywa kwa Siri

Kansanga, Kampala

Mama Komora, mke wangu,

Mko wazima huko Garsen? Mgongo wa mama umetulia? Na Komora, bado anashinda akifukuza ndege kwenye shamba lisilo na punje? Mimi ni mzima. Jioni najipikia mwenyewe, na kwa kuwa mlaji ni mimi peke yangu, hakuna anayelalamika.

Kwenye simu jambo hili ningeligeuza mzaha, ndiyo maana naandika. Ile mbegu niliyokwambia nimeipata, sijaipata. Bonde letu usililimishe bado.

Kazi yetu unaijua: tunapanda mistari ya mpunga, tunainyima maji, halafu tunazunguka kutazama ni upi unaoteseka kwa adabu. Mstari wa kwanza, ule wa kando ya jiko, ulinipofusha. Majani mapana, mabichi mchana kutwa, wenzake wakiwa wamejikunja kama sigara. Bosi akaufunga utepe mwekundu, akaniahidi kopo la mbegu yake nije nalo nyumbani. Nikafua shati la safari.

Juzi tukachimba tuone mizizi, kwa sepetu ndefu waliyotutengenezea wahunzi wa Katwe, mtaa wa hapa Kampala. Mistari mingine mizizi imezama chini kutafuta unyevu. Ule wa utepe, mizizi imetanda juu juu, kama mgeni anayejua chakula kinaletwa. Na udongo unanuka sabuni.

Nikamgeukia Mama Zaituni, Mnubi anayetupikia mchana. Alikuwa na beseni la maji ya vyombo mkononi.

"Mama, hayo unamwaga wapi?"

"Hapo kwa mpunga. Kila siku. Nyinyi watu mna roho mbaya! Kitu inakufa na kiu, nyinyi mnasimama na kalamu, mnaandika tu?"

Bosi alikaa kwenye tuta akacheka hadi machozi. Mimi nikafungua utepe. Mama Zaituni akanitazama:

"Na wewe Mkenya, mbona umekaa kama mtu amefiwa? Si ni mpunga tu?"

Nikautia utepe mfukoni.

Sasa utepe uko kwenye mstari wa nne. Mfupi, sura hauna. Mchana unajikunja, jioni unafunguka. Ulichanua mapema, kabla kiu haijawa kali, na mashuke yake yamejaa, mapepe ni machache. Wewe usingedanganyika, wewe hubinya shuke kwanza ndipo usifu. Mimi nilisifu majani.

Lakini bosi anataka tuupande tena, mbali na jiko, kabla ya kumpa mtu hata punje. Asemalo ni kweli. Kwa hiyo mvua hizi sitakuja. Bondeni panda kunde.

Nisalimie mama, na shemeji anayetuchungia mbuzi. Mwambie Komora ndege wa huku nao hawanisikii.

Shati lilikauka. Nimelikunja, nimelirudisha sandukuni. Jumapili nitapiga simu, nitakuchekesha kama kawaida. Wewe cheka, lakini ujue.

Wako,
Baba Komora