Tuko Juu kwa Moja

Kwa Tarpey,
Derrymoyle,
Ayalandi.
14 Novemba 1988

Mpendwa mdogo wangu Malachy,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Hujambo huko Boston? Kifua kimepona, au bado unakohoa kwa lile vumbi la saruji? Na unakula? Mama ananiuliza kila siku kama unakula, nami namjibu kuwa unakula, basi kula, nisije nikawa mwongo kuliko nilivyo sasa.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Mama ameanza kulala kidogo tangu wiki iliyopita. Ng'ombe tumewaingiza zizini mapema kwa sababu mvua ya mwaka huu haijui kukatika, na lile shamba la chini limekuwa tope tupu. Paka wa Baba bado anakwenda kulala kwenye kiti chake, na hakuna mwenye moyo wa kumfukuza.

Kuhusu mazishi, nataka ujue kwamba hapa hakuna anayekulaumu kwa kutokuja. Kila mtu anajua kwamba ungetoka huko bila karatasi wasingekuruhusu kuingia tena. Padri alilitaja jina lako mara mbili. Jezi yako ya zamani, namba kumi na moja, tuliitandika juu ya jeneza, na Mama akakataa isiondolewe mpaka kaburini. Timu ya Rathcullen nao walikuja wote, wakajipanga barabarani kofia mkononi, ingawa siku kumi baadaye walikuwa wakutane na sisi uwanjani. Walifanya kiungwana, lazima niseme.

Wabebaji walikuwa sita. Mahali pako, upande wa kulia wa kichwa cha Baba, alishika Enda Gilvarry. Sikukuambia hilo kwenye simu.

Najua jina hilo linakuchoma. Ulipopiga simu pale baa ya Breheny ile Jumapili ya mechi ya marudio, tulipokuwa tumefungwa, ulisema maneno niliyoyasikia vizuri sana: “Huyo mpumbavu akitia mguu Boston, mlango wangu asiujue. Na vijana wote wa Derrymoyle walioko huku wanasema hivyo hivyo.” Nilinyamaza. Ukadhani ni kilio, ukaniambia pole. Malachy, ninaandika barua hii kwa ajili ya maneno hayo, kwa sababu Enda anakuja. Amekata tiketi. Anatua huko tarehe ishirini na sita mwezi huu, na wewe unajua kuliko mimi kwamba mtu wa kwetu akikataliwa na watu wa kwetu huko hana kazi wala pa kulala.

Basi soma polepole.

Umesikia kwamba fainali ya kwanza ya mpira wetu wa Kigaeli tulitoka sare kwa sababu Enda hakujua kuhesabu. Alikuwa na mpira mkononi dakika ya mwisho, mita thelathini kutoka golini, hakuna mtu mbele yake, na badala ya kuupiga juu ya mwamba wa goli tupate pointi ya ushindi, akaurudisha nyuma kwa mabeki wetu kupoteza muda. Kipenga kikalia. Enda akapiga magoti, akainua mikono juu, akashangilia. Ndipo kipaza sauti kikatangaza: Derrymoyle pointi kumi na mbili, Rathcullen goli moja na pointi tisa. Na goli ni pointi tatu. Upande wote wa Rathcullen ulimcheka mpaka wakashika mbavu. Haya yote ni kweli.

Ambacho hukusikia ni hiki. Dakika chache kabla ya hapo tulipiga mpira juu sana, ukapita karibu na mlingoti wa kushoto, na mwamuzi wa goli akainua kibendera cheupe. Pointi. Nilikiona kwa macho yangu. Baba alikuwa kwenye kiti chake cha kukunja pembeni ya uzio, amefunikwa blanketi mbili, akaniomba chai. Nikainama kutafuta chupa ya chai kwenye kapu, nikammiminia, nikamshikia kikombe kwa sababu mikono yake haikuwa inashika tena. Katika muda huo refa alikwenda kuzungumza na mwamuzi wa goli, na vile vibendera viwili vikakutanishwa kama msalaba. Pointi imefutwa. Uwanja mzima uliona, isipokuwa mtu mmoja aliyekuwa amemshikia baba yake kikombe. Ubao wa matokeo sikuweza kuusoma, jua lilikuwa nyuma yake.

Mwisho wa mechi Enda akapata mpira hatua chache tu kutoka tulipokuwa. Naye kumbe pointi ile ilifutwa akiwa chini, anafungwa mguu na mganga wa timu. Hakuwa na hakika. Akageuka kwenye uzio, akaniona mimi, mtu anayemwamini, akapaza sauti, “Dympna! Ngapi?”

Nikapiga kelele, “Tuko juu kwa moja! Ushike huo! Ushike!”

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu umekiponza kichwa cha mtu mwingine.

Sasa sikiliza habari za Baba. Kipenga kilipolia alivua kofia. Akanishika mkono, akasema, “Nilicheza fainali ya mwaka thelathini na nane, tukafungwa. Leo tumeichukua.” Alikuwa analia, Malachy, yule mzee ambaye hata siku uliyoondoka hakutoa chozi mbele yetu. Unajua masikio yake yalivyokuwa: hakusikia tangazo. Mimi nililisikia. Nikakunja kiti, nikamwingiza garini, nikampeleka nyumbani moja kwa moja, na njia nzima alikuwa anawahesabu waliokufa ambao wangependa kuiona siku hiyo.

Sikumwambia. Nilimweleza Mama jikoni, tukakubaliana kumwambia asubuhi. Asubuhi aliamka anataka kunyolewa ndevu, kwa sababu kombe lingeletwa nyumba kwa nyumba na yeye asikutwe kama mkimbizi. Tukashindwa.

Jumatatu hiyo Enda akaja kuchukua maziwa na lori la kiwanda, kama kawaida. Baba akasikia sauti yake, akaamuru aingie. Nilimkimbilia Enda uani nikamwambia, “Hajui. Anadhani tumeshinda.” Yule mtu alikuwa hajalala, macho mekundu, uso kama majivu. Alivua buti, akaingia chumbani. Baba akamwambia, “Ulifanya vizuri kuushika mpira, kijana. Mwingine angeupiga nje kwa tamaa.” Enda akajibu, “Ahsante, mzee. Lilikuwa jambo la kichwa kutulia.” Akakaa nusu saa akimsimulia mechi pointi kwa pointi, na mwisho wake ukawa ule Baba aliotaka.

Baba alifariki Jumanne saa nane mchana. Uliniuliza kama alikuwa na furaha. Nilikujibu ndiyo, na sikukudanganya. Nilikuficha tu ilikotoka.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Siku ya matanga nyumba ilijaa, na unawajua watu wetu: wakishasali rozari moja wanahamia kwenye mpira. Walikaa kuzunguka jeneza na vikombe vya chai wakaijadili sare ile kana kwamba Baba naye atachangia. Mjomba Jarlath akasema, “Mwalimu aliyemfundisha Enda kujumlisha afufuliwe achapwe viboko!” Mzee Breheny akatikisa kichwa: “Hesabu anazijua sana. Alikosa moyo, aliogopa kupiga.” Na jamaa mmoja wa Rathcullen, ameshika skonzi mkononi, akasema, “Jamani msimseme vibaya. Sisi kwetu tumeshamtengea bia ya mwaka mzima.” Watu wakacheka, kisha wakakumbuka walipo, wakajikohoza.

Enda alikuwa jikoni pamoja nami, anaosha vikombe, mlango wazi. Alisikia kila neno. Hakuniangalia. Nami nilikuwa nakata mkate, nikaendelea kukata mkate. Nilijiambia siyo mahali pake, siyo siku yake. Niliogopa, Malachy. Sababu nyingine zote nilizitunga baadaye.

Mechi ya marudio uliisikia. Vijana walivaa vitambaa vyeusi mkononi kwa ajili ya Baba, na uwanja mzima ulisimama kimya dakika moja. Tulipata pointi kumi; saba kati ya hizo ni za Enda. Wao goli moja na pointi nane. Mpira wake wa mwisho, ambao ungetupa sare nyingine, ulipiga mlingoti. Basi watu wakapata wimbo: “Ya kwanza alikataa kupiga, ya pili kapiga mti!” Wakambandika jina, Profesa. Na mtu fulani akaandika kwa chokaa kwenye ukuta wa kiwanda cha maziwa, herufi ndefu kama mtu: 12 + 0 = 13. Enda anapita hapo na lori kila asubuhi. Kuna nyumba ambazo sasa wanamtolea madumu ya maziwa barabarani na kufunga mlango kabla hajashuka. Mtu wa miaka thelathini na moja, Malachy, aliyeichezea parokia hii tangu akiwa na kumi na saba.

Jumapili iliyopita, baada ya Misa, nilisikia kwamba amekata tiketi. Nikaingia kwa Breheny na koti langu la kanisani. Walikuwa pale pale, wanaicheza tena fainali kwa viberiti juu ya meza: hiki Enda, hiki goli. Enda mwenyewe alikuwa kaunta, peke yake. Nikasema kwa sauti, “Ni mimi niliyemwambia tuko juu kwa moja. Aliniuliza, nikamjibu. Kosa ni langu.”

Mikono ikaachia viberiti. Kisha mzee Breheny akanisogezea kiti, akaniambia kwa upole, upole ambao sikuutaka, “Kaa, binti yangu. Ni msiba huo. Una moyo mzuri, lakini usijitwishe ya watu.”

“Sijitwishi! Nilipiga kelele, alinisikia!”

Mjomba Jarlath akageuka. “Haya, Enda. Wewe si upo? Alikwambia?”

Enda aliitazama glasi yake. Akasema, “Kelele zilikuwa nyingi. Sikumsikia mtu. Hesabu ilikuwa yangu.” Akalipa, akatoka. Na mmoja akasema nyuma yake, “Angalau leo kahesabu chenji vizuri,” nao wakarudi kwenye viberiti vyao.

Nilimfuata mpaka uani. Nilikuwa na hasira, nikamshika kifuani nikamuuliza kwa nini ananifanya mwongo siku niliyopata nguvu ya kusema kweli. Akaniambia hivi, naandika kama alivyosema: “Dympna, ukisema ulinijibu, watauliza mzee alikuwa wapi. Alikuwa pembeni yako. Watauliza alisikia nini. Wiki ijayo mama yako atakwenda dukani, na atakuta wanasimulia kwamba Festus Tarpey alikufa akishangilia kombe ambalo halikuwepo. Watacheka, hawatakusudia ubaya, lakini watacheka. Mimi nimeshachekwa. Mwache mzee.”

Nikamwachia. Nikisema, Baba anakuwa kichekesho cha parokia. Nikinyamaza, Enda anabaki kuwa hivyo. Yeye amekwisha kuchagua, na mimi ninakula chakula cha uchaguzi wake kila siku.

Kwa hiyo nakuambia wewe peke yako, na Mama anajua ninakuandikia. Haya usiwasimulie vijana wa huko, kwa ajili ya Baba. Waambie tu kwamba Enda ni mtu wa nyumba yako, anakula mezani kwako, na mwenye neno na aje alisemee mbele yako. Watakusikiliza. Wewe ulikuwa nahodha wao.

Mama anakusalimu sana na anakutumia soksi, atazibeba Enda. Mjomba Jarlath anakusalimu, na shangazi Concepta anasema amekuombea novena nzima, siku zote tisa, upate karatasi zako. Wasalimie Fintan na mkewe, na wote wa kwetu mnaokutana nao kanisani. Mungu akulinde juu ya ngazi hizo unazopanda, na akujalie siku moja ulione kaburi la Baba wewe mwenyewe.

Jambo moja la mwisho. Ninamjua Enda. Hata kwako, ndani ya chumba chako, maili elfu tatu kutoka hapa, atakuambia kwamba hesabu ilikuwa yake. Usibishane naye, Malachy. Mwambie mzee alikufa vizuri, kisha mwonyeshe kitanda.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa moyo wote,

Dympna