Sauti ya Wajane wa Hunterdon

Shambani, Hunterdon, 17 Oktoba 1807

Mwanangu Azariah,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mguu bado umevimba. Dada yako Damaris amepona kikohozi. Vipi huko Trenton, unakula?

Uliondoka mbio hata hukusimuliwa. Siku ya uchaguzi mvua ilitupiga tangu alfajiri. Tulivuka mto kwa mkokoteni, mimi na wajane wenzangu watatu, maji yakituingia viatuni. Tulipofika, Hoppock, ambaye nyumba yake ya wageni ndiyo ilikuwa kituo cha kura, akapaza sauti: "Akina bibi, soko la mayai ni Ijumaa!" Nikamwambia, "Na kodi ya shamba langu mbona mnaipokea siku yoyote? Sogea nipite." Watu wakamcheka mpaka akaona haya.

Umeingia Bunge la jimbo kwa kumzidi mwenzako kura tatu tu. Sisi tulikuwa wanne. Simsimangi mtu, nasema tu.

Tumekutuma jambo moja: daraja. Mto uliomchukua baba yako usichukue mwingine.

Mama yako

Trenton, 2 Novemba 1807

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sijambo, ingawa nalala kitanda kimoja na mjumbe wa kaunti ya Essex anayekoroma kama msumeno. Mguu usiulazimishe.

Hoja ya daraja nimeitoa. Wakubwa wananipiga begani: "Kijana, tutakusaidia, nawe utatusaidia." Kwa lipi, bado hawajasema. Wasalimie wenzako, waambie sijawasahau.

Mwanao Azariah

Shambani, 10 Novemba 1807

Mwanangu,

Salamu. Hatujambo. Naandika kwa haraka, mwenye kinu anakuja huko kesho.

Ametusomea gazeti. Eti kuna wanaotaka kura, ambayo hadi leo ni ya kila mwenye mali yake, iwe ya wanaume weupe peke yao. Wajane nje, mabinti nje, na watu weusi kama Titus mhunzi, mwenye kiwanja chake, nje. Damaris akacheka: "Mama, kaka yupo, wewe waogopa nini?" Basi simama useme, mwanangu. Ukishindwa, ushindwe umesimama.

Mama yako

Trenton, 18 Novemba 1807

Mama,

Shikamoo. Natumaini hamjambo.

Afadhali ulisikie kwangu. Sheria imepita, nami niliiunga mkono. Usinihukumu kabla hujamaliza kusoma. Kwenye kaunti nyingine wanaume walivaa magauni wakapiga kura mara mbili. Ilibidi uchafu huo ukome. Tena ningepinga, daraja lingekufa. Sasa limepitishwa, kazi inaanza barafu ikiyeyuka. Si ndilo mlilonituma?

Wewe umepoteza nini, mama? Unaye mwana. Mdomo wangu ni wako, nitakusemea.

Mwanao Azariah

Flemington, 29 Agosti 1808

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi, mke wangu na watoto hapa nyumbani tu wazima. Hii ni barua yangu ya nne bila jibu. Pasaka nilifika mlangoni, Damaris akasema umelala. Ilikuwa saa sita mchana, mama, na nilikusikia ukikohoa.

Sikuja kugombana. Oktoba kuna uchaguzi wa mwaka huu, nasimama tena, na wapinzani wanauliza mali yangu iko wapi, maana mjumbe lazima awe na mali. Mwaka jana ulithibitisha kwamba shamba la juu ni langu. Niandikie tena, mistari miwili tu.

Mwanao Azariah

Shambani, 6 Septemba 1808

Azariah,

Salamu. Mguu ni uleule. Damaris mzima.

Barua zako zote nilizipata. Sikujibu kwa kuwa uliandika kwamba utanisemea, nikawa nangoja nisikie nitasema nini.

Daraja ni zuri. Nimelivuka, mbao hazina kosa. Lakini bibi Charity Opdyke, aliyekaa nami kwenye mkokoteni ule, alipopata habari alikunja gauni lake jeusi alilovaa siku ya kura akasema, "Sasa hili ni la kuzikwa tu." Mwezi wa tano tulimzika nalo. Titus naye kila nikimpelekea farasi huniuliza, "Mwanao hajambo?" Ananiuliza kwa wema, na hilo ndilo linaloniuma.

Kuhusu shamba la juu. Baba yako aliliacha kwa jina langu. Nilikuachia uliite lako kwa sababu ulikuwa unakwenda kutusemea. Jumatatu nilimwita karani, nimeliandikisha kwa jina la Damaris. Mistari miwili unayoitaka ingekuwa uongo. Damaris hataweza kupiga kura kwa ajili ya shamba lile, nawe hutaweza kusimama juu yake. Yote mawili ni sheria.

Mkeo alete watoto Jumapili, matufaha yameiva. Nawe ukitaka njoo, mlango sitaufunga. Bado mimi ni mama yako. Hilo hamjalipigia kura.

Mama