Mwalimu, Nimeahidi Kunyamaza

Mwalimu wangu Zakaria,

Nilishuka kwenye treni ya Kampala nikiitafuta kofia yako. Kila likizo, tangu nilipoingia chuo kikuu, ulinisubiri pale mwisho wa stesheni, kando ya magunia ya ngano, na kabla ya kunisalimu ulinikagua miguu. "Umenenepa, msomi! Huko mnasoma au mnalishwa tu?" Safari hii alikuja Kiprono, yule tuliyesoma naye darasa moja, ambaye sasa anaendesha trekta la yule mlowezi Kaburu kule Kapseret. Alilipokea sanduku langu, akalitwika begani. Tulipofika barabarani ndipo akasema, "Mwalimu tumeshamsindikiza." Nikamwuliza, mmemsindikiza wapi? Mimi, ninayehutubia mpaka mishipa ya shingo inasimama, sikuelewa maneno mawili ya Kiswahili.

Wanasema ni kichomi. Mvua ilikunyeshea kiwanjani ukiwa na wavulana, ukakataa kuingia ndani kabla yao. Ndugu zako wakaja na lori la mahindi, wakakupeleka kwenu, ng'ambo ya Kakamega, ukalazwa kaburini karibu na baba yako. Hiyo ni haki yao na sibishani nayo. Lakini maisha yako uliyamalizia hapa mjini Sisibo, na hapa Sisibo hakuna hata tuta la udongo ninaloweza kusimama mbele yake. Mkeo, Mama Rispa, naye amerudi kwenu na watoto. Nimebaki na karatasi hii.

Unakumbuka siku yetu ya kwanza uwanjani? Wavulana wa Kinandi walikutazama, Mluhya mfupi wa hesabu mwenye filimbi shingoni, wakaangua kicheko. Kiprono ndiye aliyethubutu: "Mwalimu, sisi utufundishe kukimbia? Wewe tufundishe kula ugali!" Hukukasirika. Ulikunja suruali mpaka magotini, ukasema, "Ugali utakuwa mezani. Atakula atakayefika." Kisha ukatutimua mbio hadi mpakani mwa shamba la Kaburu na kurudi, nasi tukafika ndimi nje.

Ndipo ukatutangazia sheria ambayo shule nyingine zote ziliicheka. Anayemaliza wa kwanza hajamaliza. Ageuke, amfuate wa mwisho, waingie pamoja. Wa mwisho nilikuwa mimi, Mwalimu. Muhula baada ya muhula, mimi. Kiprono alikuwa akirudi kunichukua huku akinitukana njia nzima: "Songa, mdomo wewe! Kama miguu yako ingekuwa ulimi, ungeshafika Nairobi!" Na kila nilipokuomba uniondoe katika timu ulinijibu kwamba nikiondoka, hawa wepesi watamrudia nani?

Nilipoanza kusoma vitabu vikubwa nilikudharau kidogo. Hilo ulilijua. Nilikuja likizo nikiwa nimejaa moto, nikakuuliza mbele ya Mama Rispa: ardhi yote hii, kutoka Sugoi mpaka macho yanapokoma, ni ya nani? Kwa nini mtu mzima avae kipande, kitambulisho cha serikali, shingoni kama kengele ya mbuzi? Na wewe, mwenye akili za kutosha kuwasomesha hao wanaokutawala, mbona husemi? Ukapuliza chai yako. "Sauti yako inatutosha sote wawili. Kunja suruali, twende tukimbie." Mama Rispa alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Mimi sikucheka.

Sasa nikueleze lililotokea. Nilikusudia kulala usiku mmoja tu kwa Kiprono, kisha niendelee na safari. Wenzangu wa chuoni wananingoja Nairobi. Tuliapa kwamba hakuna lokesheni ya Waafrika itakayolala bila kutusikia. Lakini mkuu wa shule, yule Mzungu mwenye miwani, aliniita ofisini. Akasema hana mwalimu wa hesabu, wala mtu wa kuwakimbiza wavulana. Asipompata, timu itavunjwa na kiwanja kitalimwa ngano. Nafasi hiyo angenipa mimi, kwa sharti moja: nisitamke neno la siasa, darasani wala mjini, maana hizi ni siku za Hali ya Hatari na kwake jina langu si geni. Nilikuwa nimeshasimama. Hotuba yote ilikuwa tayari kinywani, kuanzia salamu mpaka laana. Ndipo aliposema, kwa upole kabisa, "Zakaria aliniahidi hivyo hivyo. Miaka yote hakuivunja ahadi yake."

Nikakaa.

Kumbe si kwamba hukuwa na la kusema! Ulikuwa unalimeza kila siku, pamoja na chai ile, huku mimi nikikuhesabu miongoni mwa waoga. Kwa nini hukuniambia? Ulidhani ningekuhurumia? Au uliogopa kwamba ningekwenda kulitangaza sokoni? Ningelitangaza, Mwalimu. Hapo ulinijua barabara.

Dirishani niliwaona wavulana. Hakuna aliyewaita, na bado walikuwa wakikimbia, na aliyetangulia alikuwa amegeuka, anarudi nyuma kumtafuta mwenzake. Nikaahidi. Nilimpa Mzungu mkono wangu, nikaahidi kwa mdomo huu huu.

Sasa naishi katika nyumba yako. Kiti chako sijakikalia. Rafiki zangu wa Nairobi wamesikia, na aliyeniandikia mara ya mwisho ameniita kibaraka, kisha hakuna aliyeandika tena. Kiprono hupita Jumapili, tukaongea juu ya mvua na vipuri vya trekta. Mjini watu hunisalimu wakisubiri niseme kitu, nami nawauliza habari za mahindi. Jioni najikuta nikijibizana nawe kwa sauti, Mwalimu, hapa mezani, mpaka nakumbuka kwamba hakuna upande wa pili. Nilizoea kuzungukwa na umati. Sikujua kwamba mtu anaweza kukosa mtu mmoja tu na nyumba ikawa kubwa namna hii.

Timu ipo, na ngano haijapandwa.

Kwaheri, Mwalimu. Pumzika huko kwenu. Ukoo wako ukulinde vizuri, maana walikuchukua kwetu. Nami nakuwekea ahadi nyingine, ambayo Mzungu hakuisikia. Nitanyamaza maadamu kunyamaza kwangu kunawalinda wavulana hawa. Siku nitakapoona kwamba kunawafundisha kuinama, nitasimama katikati ya mji na kusema yote, yangu na yale uliyoyameza wewe, nyumba waichukue na kiwanja wakilime. Siku hiyo sitakuomba ruhusa.

Ni mimi, wa mwisho wako,

Hezroni