Gari Lisilokula Oili

Port Augusta,
2 Januari 1986

Mwanangu Murray,

Hamjambo huko Alice Springs? Mimi sijambo, ila masikio ni yaleyale na nzi ni walewale. Juzi joto lilifika nyuzi arobaini na nne, kuku wawili wakanifia. Simu usinipigie, maana nasikia mvumo tu kama mashine ya kukorogea zege. Niandikie.

Glenys anaendeleaje? Mimba ya miezi saba si mchezo. Mwambie akae kitako, vyombo uoshe wewe mwalimu.

Sasa hilo gari. Unaniambia mnahamia Halls Creek, kilomita zaidi ya elfu moja, karibu zote vumbi tupu, halafu unataka gari la mtu asiyekujua. Sawa, basi fanya hivi. Nenda asubuhi na mapema, usimwambie saa. Gusa boneti kabla hata hujamsalimia. Ikiwa ya moto, amewasha mapema ili moshi wa kwanza usiuone. Gari lisimame mahali pa tambarare. Chomoa kijiti cha kupimia oili, kipanguse, kirudishe, ukichomoe tena ndipo usome. Tazama chini ya kile kifuniko cha kuwekea oili: ukikuta utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, maji yameingia kwenye injini, aga uende zako. Ingiza kidole kwenye ekzosi. Masizi makavu si neno, ila yakiteleza ni oili inayoungua. Kisha mtu akufuate nyuma, uachie pedali ya mafuta kwenye mteremko halafu ukanyage ghafla. Ukitoka moshi wa buluu, injini hiyo inakula oili.

Usione haya kufanya yote hayo. Barabara ile siipendi, na mwezi huu siipendi zaidi.

Mama yako


Alice Springs,
12 Januari

Mama mpenzi,

Sisi wazima. Glenys miguu imevimba kidogo lakini anakula tikiti maji kutwa nzima, na mtoto anapiga mateke kama mchezaji wa ligi. Pole na kuku.

Nimenunua! Steshen wagoni ya kijani, ina miaka kumi na moja, ya bwana mmoja anaitwa Trevor Pascoe, mstaarabu sana. Nilifanya kila ulichosema. Boneti ilikuwa na joto kidogo, akasema alikuwa ametoka kununua maziwa. Nilipoingiza kidole kwenye ekzosi akacheka mpaka akashika mbavu: "We mwalimu, unanunua gari au unampima ng'ombe mimba?"

Mama, oili yake ungeipenda. Safi, nzito, rangi ya asali. Moshi hakuna, si wa buluu wala wa rangi yoyote. Nimeliendesha mjini siku tano, kila asubuhi napima, haijapungua hata tone. Kwa hiyo makopo ya oili sibebi, nafasi ile tutaweka kitanda cha mtoto. Tunaondoka Ijumaa tarehe 24, mvua isipofunga barabara.

Mwanao,
Murray


Port Augusta,
15 Januari

Murray mwanangu,

Natumai barua hii inawakuta wazima. Mimi tangu asubuhi niko roho juu, chai imepoa mezani.

Rudisha hilo gari. Injini ya miaka kumi na moja, oili ya rangi ya asali, nzito, na haipungui hata tone? Hakuna kitu kama hicho. Gari la umri huo hula kidogo, na mwenye gari mwaminifu atakwambia linakula kiasi gani. Huyo Pascoe ametia dawa. Iko dawa ya kopo, inavutana kama gundi. Ringi za pistoni zikiwa zimekwisha, dawa inaziba, moshi unakatika, hata ule mlio wa injini unanyamaza. Mjini, safari fupi fupi, itakaa wiki tatu au nne. Lakini weka mizigo na watu, piga kilomita mia kwenye joto la Januari, dawa inakuwa maji. Hapo injini inaanza kunywa, tena inakunywa lita nzima kabla hujafikiria kusimama. Na wewe kopo huna, kwa sababu gari limekuahidi kwamba halili.

Akikataa kulipokea, mwaga oili yote, weka ya kawaida, kisha uliendeshe ukaone. Usinibishie, mwanangu. Naogopa.

Mama yako


Alice Springs,
18 Januari

Mama,

Hatujambo. Nawe usiwe na tumbo joto bure, si vizuri kwa moyo wako.

Nilimpelekea Pascoe maneno yako. Akaniambia, "Mama yako amekaa na mafundi wa aina gani?" Kusema kweli niliona aibu. Halafu njiani nikajiuliza hilohilo. Wewe ulikuwa unaandika risiti za marehemu Baba pale yadi ya kuuzia magari, na kutupikia. Dawa inavutana kama gundi, inakaa wiki tatu au nne: hayo umeyajuaje? Baba hakuwa na mambo hayo. Mpaka leo nikipita Port Augusta wazee wananishika mkono kwa sababu ya Baba, kwa sababu mimi ni mtoto wa Merv Tregenza. Gari la kwanza la nusu ya mji lilitoka kwake.

Sina muda wa kumwaga oili nzuri kwa sababu ya hofu. Vyombo tumeshafunga, nyumba narudisha funguo Ijumaa hiyohiyo. Shule inafunguliwa wiki inayofuata. Utuombee safari njema.

Mwanao,
Murray


SIMU YA MAANDISHI
PORT AUGUSTA, 21 JANUARI
MSIONDOKE. SUBIRI BARUA INAKUJA. NAKUSIHI. MAMA


Port Augusta,
21 Januari

Murray,

Sikuulizi hali leo, utanisamehe. Barua yako nimeisoma mara nyingi.

Nimeyajua kwa baba yako. Si kila gari, nakuapia, lakini yalikuwepo. Yale yaliyokuja yakitoa moshi yalikuwa yanaingizwa nyuma ya yadi, siku ambayo nyinyi mko shule. Yeye alikuwa anapasha moto kopo kwenye jiko la primasi ili dawa imiminike, mimi nashika faneli. Kisha namwandikia mteja risiti. Tulikuwa na deni na watoto watatu, lakini sitaki kukudanganya, hata deni lilipokwisha tuliendelea.

Mwaka 1965, Februari, alikuja kijana wa mji jirani wa Quorn, Lindsay Hocking, miaka ishirini na miwili. Alikuwa amepata kazi ya kukata sufu huko juu, barabara ya Oodnadatta. Alikuwa mwangalifu kuliko wewe. Alikaa na gari siku nne anapima oili, akarudi akamwambia baba yako, "Bwana Tregenza, hili halili hata tone." Baba yako akasema, "Basi una bahati." Mimi nilikuwepo, Murray. Nilikuwa nimekaa pale mezani, nikasikia, nikatazama kalamu yangu.

Injini ilinoki, ikakwama kabisa, mbali na kila kitu. Alisubiri siku mbili kisha akatembea. Walimkuta siku ya tano. Polisi walifungua boneti wakakuta injini kavu, na nyuma hakuna hata kopo moja la oili, wakaandika kwamba marehemu hakutunza gari lake. Hakuna aliyetuuliza chochote. Baba yako akafunga yadi mwezi wa tano, akasema ni mgongo. Mgongo wake ulikuwa mzima.

Ningekwenda na hili kaburini. Lakini sasa ni wewe, na Glenys, na huyo mtoto, na oili ya rangi ya asali. Mchukie baba yako, nichukie na mimi, ila gari hilo msipande.

Mama yako


Port Augusta,
30 Januari

Murray,

Naandika nakala mbili, moja Alice Springs, moja posta ya Halls Creek, sijui ipi itakukuta. Siku tisa sasa. Jirani yangu Pat amenipigia simu kwenu, anasema inaita tu. Amepiga na Halls Creek, mwalimu mkuu hayupo, aliyepokea hajui kitu. Nikamwambia apige polisi, wakamwuliza kama kweli mliondoka tarehe 24, naye akaniuliza mimi, nikamwambia sijui.

Redio nashindwa kuisikia, kwa hiyo gazeti nalisoma lote, mpaka bei za kondoo. Naogopa kulifungua na naogopa kuliacha. Kama umekasirika, kasirika, hiyo ni haki yako. Lakini niandikie neno moja tu kwamba mnapumua.

Mama yako


Halls Creek,
2 Februari

Mama,

Tuko hai.

Barua yako ilifika asubuhi ya tarehe 24. Simu ya maandishi niliipata kabla ya hapo, nikaitia mfukoni. Mizigo ilikuwa garini na Glenys ameshakaa. Barua niliisoma nimesimama pale getini, nikaikunja, nikamwambia, "Mama amechanganyikiwa, twende." Akasema, "Lete niisome." Alipomaliza akafungua mlango, akashuka na tumbo lake, akakaa kwenye ngazi. "Nenda wewe," akaniambia. "Mimi na mtoto hatupandi."

Nikamwaga oili kwa hasira, nimwonyeshe. Ilitoka taratibu kama gundi ya mbao. Nikaweka ya kawaida, nikaenda na mizigo yote saa saba mchana, jirani akinifuata kwa gari lake. Baada ya kilomita tisini nilisimama. Jirani alishuka akasema kwa muda mrefu alikuwa hanioni kwa moshi wa buluu. Nilipima: lita moja na nusu imekwisha. Nilikaa chini ya kivuli cha gari. Pascoe amehama, hakuna anayejua alikokwenda. Gari nimeliuza chakavu. Sisi tulikuja kwa ndege ndogo.

Kimya changu hakikuwa cha ubize. Nilikuwa nashindwa kuandika "Mama mpenzi".

Mwalimu mmoja hapa ni mtu wa Quorn. Anasema mama yake Lindsay Hocking bado yu hai, anakaa nyumba ileile karibu na kanisa. Sina la kukwambia mpaka umwambie yeye.

Murray


Port Augusta,
23 Februari

Murray,

Nashukuru kwamba mko wazima. Nililia mbele ya Pat na hakujua afanye nini, akanichemshia chai. Mimi sijambo.

Nilimwandikia Bi Hocking barua nne na zote nikazichana. Jumanne nikapanda gari la posta nikaenda mwenyewe. Njia nzima nilitamani liharibike. Ni mwanamke mwenye umbo dogo, amenizidi miaka michache, mikono imepinda kwa baridi yabisi. Akafikiri natafuta kanisa. Nikamwambia jina langu na kwamba siwezi kusikia vizuri, anivumilie. Kisha nikamwambia palepale mlangoni, kwa sababu nilijua nikikaribishwa ndani sitasema. Nilimwambia kuhusu kopo, na faneli, na yale Lindsay aliyosema, na yale tuliyomjibu.

Nilidhani atanipiga. Nilikuwa tayari. Akashika mlango, kisha akaniuliza kitu, nikamwomba arudie kwa sauti. Akasema kwa kupaza sauti, mpaka mtu wa ng'ambo ya barabara akatoka nje: "Alikuwa anapima?"

Nikamwambia, kila asubuhi, siku nne mfululizo, na alirudi kutuambia.

Akasema, "Mimi ndiye niliyewaambia polisi kwamba mwanangu ni mzembe. Waliniuliza, nikasema ndiyo, tangu utotoni alikuwa haangalii vitu vyake. Nimemsema miaka ishirini na moja. Kaburini kwake sijakwenda tangu siku ya mazishi, kwa hasira."

Akaingia ndani, nikafikiri ndiyo basi. Akatoka amevaa kofia na viatu vya kutokea, akamwita yule jirani wa ng'ambo ampeleke makaburini. Nikapiga hatua kumfuata.

Akanigeukia, akasema polepole nimsome midomo: "Wewe hapana."

Mama yako