Dirisha Langu la Huruma

Wambui,

Sisi huku Huruma ni wazima. Mama yako anakusalimu. Mjomba wako bado anakohoa na bado hataki hospitali.

Unaniuliza mimi, niliyeacha shule darasa la tatu, ufanye utafiti gani katika masomo yako ya kuchora majengo? Na hao walimu wako wana kazi gani? Haya, sikiza.

Nilipoolewa, dirisha hili lilikuwa na jua hadi jioni. Nepi za mama yako zilikauka hapa. Kisha wakaanza kujenga ghorofa kwenye ploti ya jirani. Mafundi walipofika usawa wa ghorofa yangu, nikawa nawauzia chai kupitia dirishani. Mmoja akaniambia, "Mama, kesho tunafunga hoteli yako." Nikacheka, nikamwongezea sukari. Kesho yake akapanga mawe. Mpaka leo nikinyoosha mkono naugusa ukuta wake.

Unasema kompyuta yako hujenga nyumba nzima kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Nyumba yenu itapata jua, sawa. Sasa iulize hiyo kompyuta jirani atabaki na nini. Mafundi wangu hawakuuliza, wala mimi.

Ni saa sita mchana, na barua hii nimeiandika taa ikiwaka.

Shosho wako