Jicho la Tatu la Shangazi

Boko, Jumapili

Baba, shikamoo.

Dada yako halali tangu jirani yake, muuza dawa za asili, aweke taa kubwa inayomulika dirishani kwake usiku kucha. Na jana huyohuyo kaja na chupa, eti Shangazi hapati usingizi kwa kuwa jicho lake la tatu, la ndani ya kichwa, limeziba! Nikauacha muhogo wangu wa nazi upoe.

"Hamna jicho, braza. Ndani ya kichwa kuna tezi ndogo kama punje ya mchele. Giza likiingia inatoa homoni ya usingizi, na protini za kwenye damu zinaibeba mwilini. Kwa taa yako hiyo, zitabeba nini?"

"We hiyo tezi umeiona?"

"We hilo jicho umeliona?"

Taa akakataa kuizima. Nikaziba dirisha kwa kanga mbili na blanketi. Akacheka, akasema asubuhi Shangazi mwenyewe ataililia dawa.

Leo saa nne kaja kubisha hodi, chupa mkononi. Kabla sijafungua mdomo, Shangazi akamjibu kutoka chumbani kwa kukoroma.

Nakupenda, Baba. Nawe zima taa ulale.

Mwanao, mwalimu wa Baiolojia