Fuksia Hazitaki Ufagio

Section 58, Nakuru

Kwako Mama Nekesa,

Hamjambo huko Budalang'i? Mto umetulia, ama bado mnalala jicho moja wazi? Magoti ya mama yanasemaje? Na Nekesa, bado anakataa kula omena? Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo sijui niiseme vipi, kwa hivyo naandika. Kwa simu ukiniuliza niko aje nasema poa, nawe unasema poa, tunakata. Barua hii nimempa dereva wa lori wa Mai Mahiu anayepitia huko akienda Busia. Mpe hata chai.

Baridi ya huku, jamani! Mwenye nyumba amehamia kwa bintiye Nairobi, huja mara mojamoja. Mimi nimeachiwa geti na maua, hasa fuksia. Ni vichaka vya maua madogo madogo mekundu, yananing'inia kama hereni za mtoto. Aliniambia, "Baba Nekesa, mengine yakikauka nitavumilia, lakini hizi, hapana."

Sasa sikia nilivyotaka kuziua. Unajua kwetu uwanja usiofagiwa ni aibu, mama anaweza kukunyima chai. Basi kila asubuhi nilifagia mpaka chini ya fuksia, sibakishi jani hata moja. Nikaona zinalegea. Nikasema ni kiu, nikamwaga maji. Zikazidi. Nikakata matawi ya mti uliozifunika, maana kwetu mmea usioona jua haukui. Wacha! Majani yakaanza kudondoka.

Mathe mmoja, yule mama wa nyumba ya pili, akachungulia juu ya ukuta. "We boss! Unafagia maua kama uwanja wa matanga? Rudisha hayo majani! Hii kitu inataka kivuli na blanketi." Akacheka mpaka akashika mbavu. Nilimkasirikia, lakini nikatii. Nikafunika mizizi na majani makavu, nikatundika gunia upande wa jua, nikapunguza maji. Zimeamka, Mama Nekesa! Hata nimekata ncha laini nikazichomeka kwa mikebe, na karibu zote zimeshika. Asubuhi kuna ndege wadogo wanakuja kunyonya maua, nasimama na kikombe changu nawaongelesha. Ndiyo, naongea na ndege. Usicheke.

Kusema kweli, nilikuwa nafagia hivyo kwa sababu nikisikia ufagio nakusikia wewe. Huko ukimaliza tu, Nekesa na kuku wanachafua palepale, unafoka. Hapa nikifagia asubuhi, jioni nakuta nyayo zangu tu. Upweke huu utaniua, Mama Nekesa.

Sasa maneno yenyewe. Nyumba ya wafanyakazi huku nyuma ina vyumba viwili, nami nalala kimoja. Jumamosi mwenye nyumba alikuja, akaona maua, akafurahi sana. Akaniuliza, "Familia yako inakuja, ama hicho chumba nimpe mtu mwingine?" Nikasema mnakuja. Ilinitoka tu. Sikuwa nimekuuliza, na najua umeshakataa, ukisema mama atabaki na nani. Basi mama aje pia! Mahindi yanatoka Rongai hapo karibu, shule iko, na mathe wa jirani anatafuta mtu wa kupiga naye domo. Ukikataa sitakulazimisha. Nitafunga mizigo nirudi, tulime hicho kipande chetu, maana hapa peke yangu siwezi tena. Lakini nijibu ndiyo ama hapana. Usiniambie "tutaona."

Msalimie mama, umwambie namkumbuka kila nikiota moto. Msalimie shemeji yangu fundi wa cherehani, na yule mzee wa kanisa aliyesimamia ndoa yetu. Mwambie bado naimba, ila hakuna wa kuitikia.

Ni mimi mumeo anayekungoja,
Baba Nekesa

Nilikuwa nimeshaifunga hii barua, nimeifungua tena. Jana nilinunua sufuria kubwa kwa ajili yenu. Nikasonga ugali wa watu wanne, nione kama itatosha. Inatosha. Nilikaa na huo ugali mezani mpaka ukapoa wote.